Kuminga milioni 48.5 kwa miaka 2: kapunjwa, au ndiyo bei yake?

Fundi_Simu_Mwanga (Kigoma), 3 Oktoba 2025

Wakuu, habari za kwenu. Dogo wa Goma, Jonathan Kuminga, amemalizana na Golden State Warriors ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, baada ya kuvutana kiangazi kizima. Mkataba wa miaka 2, hadi dola milioni 48.5, ila mwaka wa pili uamuzi uko kwa klabu. Wakimtaka wanaendelea naye, wasipomtaka wanampa mkono wa kwaheri. Mwaka huu wa kwanza anavuta kama milioni 22.5, ambazo kwa hela yetu zinapita shilingi bilioni 50. Najua mtaniambia kwa hela hizo hakuna mtu wa kuonewa huruma. Hiyo tuiweke pembeni, hapa tunapima bei ya wachezaji wa NBA kwa wachezaji wa NBA.

Mimi nina kibanda cha simu hapa Mwanga. Kila kioo nikibadilisha nakijaribu kwa klipu za Jonathan Kuminga: nabonyeza pembe zote nne, narudisha video nyuma, napeleka mbele, nikiona danki (ile ya kuruka na kuuzamisha mpira kwa mkono) inapita bila kukwama najua kioo kimekaa. Mama mmoja anayeleta migebuka kutoka Kibirizi kaniuliza huyu mrukaji ni wa wapi. Nikamwambia wa Goma. Akasema, "Kumbe mtu wa huku huku," akalipa, akaondoka. Nami ndivyo ninavyomchukulia. Kigoma hii nani hana jirani au shemeji wa ng'ambo ya ziwa?

Nije kwenye hoja. Msimu wa 2023/24 dogo alifunga wastani wa pointi 16.1, na mitupo yake asilimia 52.9 ilizama. Umri miaka 21. Msimu uliofuata akaumia kifundo cha mguu Januari akiwa amewaka, wiki moja tu baada ya kupiga pointi 34 usiku mmoja na 34 nyingine usiku uliofuata, dhidi ya Clippers halafu Suns. Aliporudi Machi akakuta Jimmy Butler ameshasajiliwa kutoka Miami na yeye hana nafasi. Kocha Steve Kerr akawa anamkalisha benchi mechi nzima, hata kwenye mtoano. Halafu nyota wao Stephen Curry akaumia msuli wa paja kwenye mechi ya kwanza na Minnesota, dogo akaitwa, akafunga 30 mechi ya tatu, 23 ya nne, 26 ya tano. Mtu aliyekaa benchi wiki mbili anatoka wapi na pointi 30 kama hana kipaji?

Sasa tazameni wenzake wa drafti ya 2021, yaani zamu ya klabu kuchagua vijana wapya. Kuminga alichukuliwa wa 7. Wa 8 alikuwa Franz Wagner, Orlando wamempa miaka 5 kwa milioni 224. Trey Murphy wa 17, miaka 4 kwa milioni 112. Jalen Johnson wa 20, miaka 5 kwa milioni 150. Wote mafowadi. Wa kwetu kapata mwaka mmoja wa uhakika.

Nauliza: tatizo ni mchezaji, au ni mahali alipo? Na ninyi mngekuwa na klabu mngempa ngapi?

---

Bangwe_Kona (Kigoma), 3 Oktoba

Fundi, umeleta takwimu tamu tu, zile chungu umeziacha kibandani. Ngoja nikuletee.

Msimu uliopita mitupo yake ya pointi tatu ilizama asilimia 30.5. Mitupo huru, ile ambayo hakuna mtu anayekukaba, umesimama peke yako na mpira wako, asilimia 66.8. Na zile 52.9 unazojivunia zimeshuka hadi 45.4. Mchezaji wa mwaka wa nne anatakiwa apande, yeye kashuka.

Halafu muweke uwanjani na wenzake wa Warriors, Draymond Green na Butler. Hao wote wawili wapinzani hawawakabi mbali na goli. Ukiongeza wa tatu ambaye naye hakabwi, mabeki watatu wanajazana chini ya kikapu, na Curry anakabwa na wawili muda wote. Kerr hana chuki na mtoto wa mtu. Anahesabu nafasi.

Pointi 30 za Minnesota nilizitazama. Curry hakuwepo, mpira ukawa mikononi mwake, akajichotea. Mechi zenyewe? Ile ya 30 walifungwa 102 kwa 97. Mfululizo mzima ukaisha 4 kwa 1. Mimi ningempa milioni 15 kwa mwaka na ningelala usingizi mzuri.

---

Fundi_Simu_Mwanga, 3 Oktoba

Bangwe, milioni 15 unampa mtu anayefunga pointi 8 kwa mechi. Acha hizo.

---

Reli_ya_Kati_TBR (Tabora), 4 Oktoba

Wakuu wangu wa mwisho wa reli, nawasalimu kutoka Tabora. Naona mnabishana kuhusu uwezo wa mchezaji, wakati huu mkataba hauhusu sana uwezo wake. Nifafanue, na itakuwa ndefu kidogo.

Kwanza, Kuminga hakuwa huru kama Fundi unavyoweka. Mkataba wake wa kwanza uliisha Juni, lakini kwa sheria za NBA klabu ilikuwa na haki ya kulingana na ofa yoyote itakayotoka nje. Yaani timu nyingine ikimwekea mezani milioni 100, Warriors wanaweza kusema "na sisi tunatoa hizo hizo" wakabaki naye. Kwa hiyo timu nyingi hazijisumbui kuweka ofa, maana unafunga hela zako siku kadhaa halafu mwenzako anabaki na mchezaji.

Pili, hata za kujisumbua hazikuwepo. Ukomo wa mishahara msimu huu ni dola milioni 154.6 kwa timu. Ilipofika Julai, timu yenye nafasi kubwa ya kweli chini ya ukomo ilikuwa Brooklyn peke yake, nao walikuwa na mipango yao. Soko lina mnunuzi mmoja na huyo mmoja hakutaki, sasa bei unaipandisha na nani? Sacramento na Phoenix walitajwa sana, lakini wao walihitaji Warriors wakubali kubadilishana wachezaji, na Warriors hawakuvutiwa na walichopewa.

Wala si yeye peke yake. Josh Giddey wa Chicago alikuwa kwenye hali hiyo hiyo, kasubiri hadi Septemba ndipo akapata miaka 4 kwa milioni 100. Cam Thomas wa Brooklyn na Quentin Grimes wa Philadelphia wamekosa kabisa, wakachukua ile ofa ya lazima ya mwaka mmoja. Ya Kuminga ilikuwa kama milioni 7.9. Angeisaini, mwakani angekuwa huru kabisa, aende anakotaka bila klabu kumzuia. Lakini kifundo kikigoma tena je? Kati ya 7.9 na 22.5, ndugu zangu, mimi mwenyewe ningechukua 22.5 nikiwa nimefumba macho.

Wagner, Murphy na Johnson waliongezewa mikataba mapema, mwaka 2024, kabla hawajafika kwenye soko hili. Moses Moody wa hapo hapo Warriors naye alisaini Oktoba 2024, miaka 3 kwa milioni 39. Kuminga hawakuelewana wakati ule. Alijiwekea dau msimu uende vizuri, ukaenda na majeraha na benchi.

Sasa tatu, na hapa ndipo pa kutazama. Kwa nini Warriors walipe milioni 22.5 mchezaji ambaye kocha hamchezeshi? Wangeweza kumbania zaidi. Jibu ni kwamba timu iliyo juu ya ukomo, ikitaka mchezaji mkubwa, lazima itoe mishahara inayokaribiana na ule inaoupokea. Curry anakula 59.6, Butler 54.1, Green 25.9. Curry hauzwi. Ukitaka kumleta mtu wa milioni 25 au 30 unatoa nini? Moody na wenzake wa mishahara midogo hawafikii. Sasa wana mkataba wa 22.5, kijana wa miaka 22, na anayempokea anaweza kuukata mwaka wa pili akiona hafai. Ile hiari ya klabu iliwekwa kwa ajili ya mnunuzi ajaye. Ndiyo maana taarifa nyingi zilisema walimtaka aachie haki ya kukataa kuuzwa.

Andikeni tarehe: 15 Januari 2026. Kwa sheria, kabla ya siku hiyo hawezi kuuzwa. Baada ya hapo, simu zitalia.

Kwa hiyo Fundi, ukiniuliza kapunjwa au la, nakujibu kwamba hiyo milioni 22.5 haikuwekwa kwa kupima magoli yake. Imewekwa kwa kupima ukubwa wa mzigo watakaoubadilisha.

---

Bangwe_Kona, 4 Oktoba

Reli umemaliza. Hivi wewe kazi yako ni nini huko Tabora?

---

Reli_ya_Kati_TBR, 4 Oktoba

Napokea mizigo stesheni mkuu. Kupima mzigo ndiyo kazi yangu, haha.

---

Mama_Ribaundi_Kasulu (Kasulu), 4 Oktoba

Hamjambo wadogo zangu. Hesabu za Reli nimezisoma mara mbili na nimezielewa. Lakini mimi nafundisha wasichana kikapu shuleni, kwa hiyo nitasema cha uwanjani, maana naona mmekirukia.

Mtu ana mita 2 na ushee, kifua kama mlango wa ghala, anaruka mpaka kiwiko kinakaribia ringi. Ribaundi zake, yaani kudaka mpira mtupo ukikosa, 4.6 kwa mechi. Nne na kitu! Hilo ndilo linaloniudhi kwa kijana huyu, wala si pointi tatu. Pointi tatu zinafundishika polepole, kuna watu walizipata wakiwa na miaka 28. Ribaundi ni kuamua. Mpira ukitupwa tazameni miguu yake: wenzake wanageuka kutafuta mwili wa mtu wa kumzuia kwa mgongo, yeye anasimama kuangalia mpira unaangukia wapi, au ameshaanza kukimbia mbele akisubiri apewe danki. Wasichana wangu wakifanya hivyo wanazunguka uwanja, na jua la Kasulu la saa nane si mchezo.

Cha pili ni ile tabia ya kushika mpira. Anaupokea pembeni, anauweka nyongani, anamtazama beki, anatikisa bega mara moja, mara mbili. Muda huo wote wenzake wanne wamesimama. Timu ya Kerr inacheza kwa mpira kutembea, ukikaa nao sekunde mbili umeua kila kitu. Akiamua mapema, ile hatua yake ya kwanza wachache wanaiweza, nakubali kabisa. Akichelewa, beki wa pili ameshafika.

Mnataja milioni kwa sababu ya mechi nne za Minnesota. Mmemsahau Bismack Biyombo? Mtoto wa Lubumbashi, Mkongo mwenzake na Mswahili mwenzetu. 2016 akiwa Toronto alichukua ribaundi 26 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Cleveland, nchi nzima ikamwimba, Orlando wakampa miaka 4 kwa milioni 72. Baada ya miaka miwili wakamtoa. Hakuwa mchezaji mbaya, na hata baadaye ameendelea kucheza miaka mingi kwenye ligi. Lakini bei ya mwezi mmoja mzuri aliibeba kama deni. Heri huyu amepata mwaka mmoja ajipime.

---

Fundi_Simu_Mwanga, 5 Oktoba

Dada, shikamoo. La ribaundi sina jibu, limenikaa kooni kama mwiba wa kuhe.

Lakini la Biyombo nalipinga. Biyombo alikuwa mtu wa kuruka na kuzuia, kufunga mwenyewe hakuweza hata umpe siku nzima. Kuminga anakutengenezea goli bila msaada wa mtu. Timu ikikwama zimebaki sekunde 6 za kutupa mpira, ni wangapi kwenye ligi wanaweza kumtazama beki usoni, wakampita, wakamrukia mlinzi mkubwa na kurudi na kikapu au faulo? Sio wengi. Mafowadi wa kukaa kona na kusubiri wapo tele. Hicho cha kwake kinalipiwa kote, na kinalipiwa ghali.

Na Bangwe, ile ya kusema Curry hakuwepo ndiyo hoja yangu haswa! Curry akiwepo dogo ni wa tano kugusa mpira. Asipokuwepo ni wa kwanza au wa pili, na anaonekana. Yaani mtu mmoja ana bei mbili kutegemea anasimama na nani. Warriors wamemnunua kwa bei ya chini na watamuuza kwa ile ya juu. Reli amelieleza kwa sheria, mimi nalieleza kwa uchungu.

---

Ujiji_Mwembeni (Kigoma), 5 Oktoba

Mnazungumzia vipaji vya watu mkasahau cha kwetu? 2009 Memphis walimchukua Hasheem Thabeet wa 2. Wa pili dunia nzima! James Harden akafuata wa 3, Curry akaja wa 7, namba ile ile ya Kuminga. Sisi tulipiga vigelegele. Mwaka uliofuata wakamteremsha ligi ya chini, na hadi 2014 alikuwa ameshazunguka Houston, Portland na Oklahoma City. Tangu hapo mtu akiniambia "kijana ana mwili, atajifunza", nashika mfuko wangu.

---

Mama_Ribaundi_Kasulu, 5 Oktoba

Mwembeni, Thabeet usimwonee. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, wenzake walianza wakiwa wadogo mno. Kuminga mwenyewe alienda Marekani angali kijana wa sekondari, akamaliza, akaingia ile timu ya G League Ignite ya kuandaa vijana, na akiwa na miaka 19 alikuwa ameshavaa pete ya ubingwa ya 2022. Hawa wawili njia zao hazifanani hata kidogo. Ulinganishe mtu na mtu aliyepewa chakula kile kile.

---

Ujiji_Mwembeni, 5 Oktoba

Sawa dada, nimesikia. Mfuko bado nimeushika.

---

Bangwe_Kona, 6 Oktoba

Tuweke bei basi, kila mtu na yake, tusiishie kupiga kelele. Mimi nimepanda: milioni 18 kwa mwaka, miaka 3, bila hiari ya mtu yeyote. Kiasi hicho kinamfanya asipige mpira kwa hasira ya kutafuta mkataba.

---

Reli_ya_Kati_TBR, 6 Oktoba

Kwa timu changa isiyo na mfungaji, 25 kwa miaka 4. Kwa Warriors, hiyo hiyo 22.5 na mwaka mmoja. Kumbukeni ukomo wa mishahara unaruhusiwa kupanda hadi asilimia 10 kila mwaka, na hela za televisheni za mkataba mpya wa miaka 11 zinaanza kuingia msimu huu. Milioni 25 ya leo baada ya miaka mitatu ni mshahara wa mtu wa kawaida anayeanza.

---

Mama_Ribaundi_Kasulu, 6 Oktoba

Ishirini. Akifika ribaundi 7 kwa mechi naongeza tano bila kuombwa.

---

Fundi_Simu_Mwanga, 22 Oktoba 2025

Naamsha uzi. Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa leo alfajiri, Warriors wamewapiga Lakers 119 kwa 109 kwao Los Angeles. Kuminga kaanza kikosi cha kwanza. Pointi 17, RIBAUNDI 9, asisti (pasi za kufungia) 6.

Dada Mama Ribaundi, nimeandika kwa herufi kubwa ili uone vizuri.

Na zile asisti 6 ndizo zimenishangaza mimi mwenyewe. Anapita, beki wa pili anakuja, na badala ya kujilazimisha kuruka anaachia mpira. Haraka. Nimerudisha kipande kimoja mpaka mteja akaniuliza kama simu yake imeharibika zaidi.

---

Mama_Ribaundi_Kasulu, 22 Oktoba

Marahaba, na nimeona. Mechi moja hiyo, zimebaki 81. Ila miguu leo aligeuza, hilo nampa.

---

Bangwe_Kona, 22 Oktoba

Luka Dončić kafunga 43 upande wa pili, huyo mbona humtaji? Nani alikuwa anamkaba?

---

Fundi_Simu_Mwanga, 22 Oktoba

Kila mtu alimkaba na hakuna aliyemkaba, Bangwe. Usinitoe kwenye mstari.

---

Reli_ya_Kati_TBR, 22 Oktoba

Kila mechi ya namna hii inampandisha bei ya Januari. Fundi wewe unashangilia, na mkurugenzi wa Warriors naye anashangilia, ila hamshangilii kitu kimoja.

---

Ujiji_Mwembeni, 22 Oktoba

Mimi swali langu ni dogo. Nataka kuanza kuangalia mubashara niache klipu za kibandani kwa Fundi. Wakicheza nyumbani San Francisco, kwetu inakuwa saa ngapi?

---

Reli_ya_Kati_TBR, 22 Oktoba

Zikianza saa 1 jioni kwao, kwetu sasa hivi ni saa 11 alfajiri. Tarehe 2 Novemba Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, kuanzia hapo itakuwa saa 12 asubuhi. Utaangalia ukinywa chai.

---

Ujiji_Mwembeni, 22 Oktoba

Saa 12 niko sokoni napanga dagaa. Fundi, weka klipu.